Kabla Hujapiga Picha Mbele ya Nyumba Ile

Sifa, mwanangu wa kichwa kigumu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na sanduku lako umeliacha wazi katikati ya chumba. Nimechungulia ndani. Gauni la njano lipo, limekunjwa kwa upole ambao sijawahi kukuona ukikunjia shuka. Viatu vyake vipo pia. Koti alilokutafutia tantine wako Jeanne, akazunguka soko zima la Virunga mpaka miguu ikamvimba, liko kitandani limetupwa. Asubuhi nilikuuliza gauni la njano ni la nini katika nchi ya baridi, ukanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Mama, ni ya kupiga nayo picha kwa daraja." Daraja! Mtoto anavuka mpaka kesho, anapitia Kigali kwa sababu ndege hazitui tena hapa kwetu tangu vita viingie mjini, amepata ufadhili wa kusoma afya ya jamii ambao wenzake wameulilia, na kitu alichokitengea nafasi ya kwanza sandukuni ni gauni la darajani.

Sitakuandikia habari za koti. Wala ule nini, usali wapi, pasipoti uifiche mfuko gani. Tantine ameshasema, mjomba wako Faustin amerudia, na mchungaji akaongezea mistari yake. Mimi nina jambo moja tu, na nimeona niliandike, maana nikijaribu kulisema kwa mdomo najua litakavyokwenda: utapaza sauti, nitapaza zaidi, majirani wa mtaa mzima wa Ndosho watakuja kuamua, na utaondoka umenuna. Ni habari ya baba yako na ile nyumba.

Lakini niache kwanza nikasirike kidogo, maana wiki nzima nimejizuia mbele ya wageni.

Jumapili tulipokufanyia chakula cha kukuaga, watu walikaa, kuku wakaliwa, mchungaji akasimama akauliza akuombee nini. Mimi nilitegemea useme masomo, au afya, au amani ya nchi hii iliyotuchosha. Ukasema, "Pasta, uniombee mvua inyeshe ile siku nitafika kwa daraja."

Maskini mchungaji akatabasamu. "Mvua ya baraka, mwanangu?"

"Hapana, Pasta. Ya kawaida tu. Mu filme iko inanyesha."

Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mimi nikaingia jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Mvua, Sifa! Sisi tuliolala kambini Mugunga chini ya turubai, tukishika kila mmoja pembe yake isipeperuke, sisi ambao mpaka leo mawingu yakitanda tunaangalia dari hata kama dari ni ya bati zima, tumezaa mtoto wa kuagizia mvua kwa ajili ya picha.

Halafu ukanionyesha ile ramani kwenye simu, imejaa alama nyekundu. Hapa ndipo wale wapenzi walipoachana kwenye mvua. Hapa ni ngazi alizoshuka yule mwimbaji akicheza kwenye klipu ya wimbo wake. Hapa ni kijiji cha nyumba za mawe, yule mjane mwenye mbwa alikokuwa akiwakamata wauaji. Kila Jumamosi imeshapata mahali pake, na Jumamosi za kusoma sikuziona. Nikakuuliza kama utawakuta hao watu wenyewe. Ukanitazama kama mtu anayemtazama bibi kizee. "Mama, bale batu baliisha kwenda zamani. Tunaendaka tu kuona fasi."

Kuona mahali. Unapanda treni, unalipa, unasimama pale ambapo watu waliigiza kuachana, wakaenda zao kula. Unapiga picha ya mahali ambapo hapana mtu. Nilijaribu kuelewa, Sifa, kweli nilijaribu, na nikashindwa. Nadhani nilishindwa kwa sababu mimi nimeishi mahali pa filamu, na najua kunavyokuwa.

Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka kamera na hukumbuki kilichotokea. Wageni walikuja kambini Mugunga na magari yao, wakatafuta mama mwenye mtoto na bidoni, dumu la maji. Wakanichagua mimi. Nilikuwa nimetoka kuchota, nimeshafika kwenye hema langu, nataka kupika. Mkalimani wao akaniambia, "Mama, urudilie tena, jua halikukuwa muzuri." Nikashuka na bidoni limejaa, nikapanda nalo. Akaniambia nirudie tena kwa sababu kuna mtu alipita. Nikarudia. Mama Riziki, jirani yetu wa hema la pili, alikuwa amevaa kitenge kipya alichotumiwa na dada yake, wakamwomba asogee pembeni, maana kitenge kilikuwa kizuri mno. Alipobinua mdomo kwa hasira mimi nikacheka, nikaambiwa nisicheke. Ndivyo nilivyopanda kile kilima, sicheki, na maji niliyokwisha kuyachota. Mahali pale pia ni mahali pa filamu. Mpaka leo sijasikia mtu amepanda treni kuja kupatembelea.

Basi, hasira za filamu zimeisha. Sasa baba yako.

Unajua tulivyoachana, lakini unajua kwa kipande kipande, kama watoto wanavyosikia mambo nyuma ya mlango. Vita vilipofika kwenye kilima chetu kule Masisi, baba yako aliswaga ng'ombe kupitia njia ya juu, na mimi nikakubeba mgongoni kwa njia ya chini kuelekea Sake. Tulikubaliana kukutana Mugunga. Ng'ombe walichukuliwa wote, na yeye akasukumwa na watu waliokuwa wakikimbia mpaka akajikuta Uganda, kambini. Alikaa huko miaka, tukiongea kwa simu za kuazima. Kisha akachaguliwa kupelekwa Uingereza. Alikuwa ameandikishwa peke yake, kwa hiyo akaenda peke yake. Nilifurahi, nilipiga vigelegele hema zima. Akasema karatasi zetu zitafuata.

Klipu ilikuja kabla ya karatasi. Nakumbuka tulikuwa tumekaa, kijana mmoja akaja mbio kutoka nganda, ile baa iliyokuwa na televisheni na jenereta kando ya barabara. "Mama Sifa! Njo! Bwana yako iko anacheza kwa televizio!" Nikakimbia na mikono ya unga. Ni kweli alikuwa yeye. Amesimama mbele ya nyumba kubwa ya nguzo nyeupe, amevaa suti nyeupe, ameegemea gari jeusi linalong'aa, mkono mmoja kiunoni. Na katikati ya wimbo mwimbaji akaita jina lake: "Papa Bahati wa Masisi, mutu mukubwa wa Londres!" Nganda nzima ikaruka. Mimi nikakaa chini pale pale kwenye mawe.

Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Londres, mke wa mtu wa Uingereza. Nisikudanganye, nililipenda jina hilo. Nilijua kama kila Mkongomani anavyojua kwamba jina halitajwi bure katikati ya wimbo, ni lazima mtu atoe kitu, na mtu asiye na kitu hatoi. Kwa hiyo nikaamini nyumba, nikaamini gari. Watu walikuja kwangu na harusi zao, matanga yao na karo za watoto wao, na mimi, badala ya kusema sijui, nikasema, "Bahati akituma, nitawakumbuka." Nilitembea pale kambini shingo ikiwa juu, nimebeba bidoni lile lile. Watoto wakinipigia kelele, "Mama Londres, ungali unachota maji?" nikajibu kwamba nafanya mazoezi ya mwili.

Halafu turubai mpya zikaja kugawiwa. Mkuu wa mtaa wetu pale kambini alipofika kwenye hema letu akapita. Nikamkimbilia. Akanijibu kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, "Mama, kuko bajane hapa bako banalala mu mvua. Bibi ya patron hakosake turubai." Watu wakatikisa vichwa, wakakubaliana naye kwamba mke wa tajiri hana shida. Ningesema nini? Mimi mwenyewe ndiye niliyejenga utajiri ule, kwa mdomo wangu. Msimu ule mvua ilitunyeshea, ukaumwa kifua mpaka nikafikiri nitakuzika. Nikampigia baba yako kwa hasira niliyokuwa nayo, nikamwambia asinipigie tena mpaka atume funguo za nyumba yake. Akanyamaza. Nikamsikia anavuta pumzi, halafu simu ikakatika, na ikapita miaka.

Sikumuuliza hata swali moja, Sifa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na niliona kuuliza ni ujinga.

Aliyenifungua macho ni Safari. Unamkumbuka, yule mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana, aliyekuja kutoka Uingereza kumzika mama yake hapa Ndosho. Wakati huo tulikuwa tumeshatoka kambini, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, tumepanga chumba. Baada ya mazishi nilimkaribisha, nikamkaangia sambaza za ufukoni Kituku, mbichi za asubuhi ile. Nikamwonyesha klipu ili nimchongee mume wangu, nimwambie tazama mtu huyu anavyokaa na familia yake inavyokaa. Safari akacheka mpaka chai ikammwagikia.

"Mama Sifa, ile costume nyeupe tuliivala siye wote. Nilivala miye, nikavua, akavala Bahati. Ilikuwa inamubana kwa mabega, uangalie, hainui mukono."

"Na nyumba?"

"Hatukukanyaga hata ngazi! Bale ba filme kubwa banalipaka, banaingia. Siye tulipiga kwa barabara, mbio mbio, mpaka mwenye nyumba akatoka na imbwa yake. Na motokari ilikuwa ya rafiki ya mwimbaji."

Nikamuuliza, na jina? Hapo akaacha kucheka. Akasema baba yako alikuwa akipangusa maofisi usiku, watu wakiisha kutoka, na analala mchana katika chumba kimoja na wanaume wengine, wanapokezana vitanda. Jina lile alimlipa mwimbaji alitaje, kwa mshahara wa kazi ya muda mrefu. Wenzake walimwambia ni wazimu. "Akatuambia, bibi yangu iko Mugunga, batu banamuzarau. Basikie jina yangu, bataogopa kumuzarau."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nililia kwa sababu mtu amesugua sakafu za watu usiku ili mimi niheshimiwe, na mimi nimemfungia simu. Nilipomaliza kulia nikakasirika upya. Kwa nini mtu asiseme? Kwa juhudi ile ile aliyonunulia jina angetutumia turubai, na lingekuwa limetosha hema na baki tungefunikia kuni! Nilitaka kumpiga, nilitaka kumpikia, vyote kwa mara moja. Kama hujawahi kumpenda mtu wa namna hiyo, utampata, maana damu ni moja.

Nikampigia. Nikamsalimu. Akasalimu. Tukaongea habari za mvua na habari zako za shule. Na sikumwambia kwamba najua.

Utaniuliza kwa nini, na ni swali la haki. Nitakueleza jambo la kwetu. Baba yako alipotaka kunioa, wajomba zangu walipanda kwenda kuangalia zizi la kwao. Ng'ombe wao walikuwa wachache, basi baba yake akaazima wa jirani, zizi likajaa, likapendeza. Wajomba wakazunguka, wakasifu mapembe, wakanywa maziwa, wakashukuru. Njiani kurudi mjomba mkubwa akasema, "Ule dume mweusi minamujua, ni wa mutu wa kilima cha pili." Wengine wakasema hata wao wamemjua. Hakuna aliyetamka neno kule zizini. Kwetu huo ni uungwana. Mtu akijipamba mbele yako kwa kukuheshimu, humvui nguo. Ng'ombe wakarudi kwao, ndoa ikafungwa, na tulikaa vizuri.

Mimi nikafikiri nyumba ile nayo ni zizi la kuazima, nikanyamaza kiungwana. Lakini ng'ombe wa kuazima walirudishwa jioni ile ile, Sifa. Hii nyumba imekataa kurudi kwa mwenyewe. Baba yako analazimika kuilisha kila siku. Umeona anavyopiga simu za picha: kila mara yuko nje. Mara mbele ya lango la chuma, mara kwenye bustani ya maua, mara kando ya kanisa kubwa la mawe, amevaa kofia na miwani myeusi, mvuke unamtoka kinywani kwa baridi. Nikimwambia aingie ndani anasema ndani mtandao haushiki.

Usimcheke, maana na mimi nina aibu zangu. Unafikiri kwa nini simu ya baba yako ikilia natoka mbio na kitambaa kipya kichwani? Nakwenda kwa Mama Riziki. Yule yule wa kitenge, biashara imemkubali, amejenga, lango lake lina vigae na maua mekundu. Nasimama pale langoni nikiongea na mume wangu, na Mama Riziki anatoka kumfukuza mbuzi asiingie kwenye picha. Siku moja baba yako aliniuliza, "Ni kwetu hapo?" Nikamjibu, "Ni kwetu hapa hapa mutaani." Yeye kule anagandia mbele ya nyumba ya watu, mimi huku nasimama mbele ya nyumba ya watu, na tunaulizana hali. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa. Sisi tulibahatika kukuzaa kabla ya kuanza kuficha.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Ulipokuwa unanionyesha alama zako nyekundu, niliona na nyumba ile ipo. Imetangulia daraja, imetangulia ngazi, imepewa Jumamosi ya kwanza kabisa. Ukasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mchele, "Hii nyumba imetokeaka mu filme mingi, Mama. Benyewe banaipangishaka." Ukanitazama usoni kwa pembe ya jicho. Na mimi nikainamia maharage, nikatoa mawe ambayo hayakuwemo.

Kwa hiyo unajua. Sijui umejua tangu lini, labda tangu ulipopata simu yako ya kwanza. Unajua si ya kwake, haikuwa ya kwake, na bado umeipa Jumamosi ya kwanza. Nimelifikiria hilo nikiuza sambaza, nikawarudishia watu chenji vibaya. Nadhani nimekuelewa. Hukumbuki uso wake wa Masisi, ulikuwa mgongoni. Uso wake wa simu umejaa miwani. Mahali pekee duniani ulipowahi kumwona baba yako amesimama mzima, kutoka viatu hadi kofia, ni mbele ya zile nguzo. Ndiyo anwani yake pekee uliyo nayo. Na mimi niliyekuwa nakupigia kelele kwamba unakwenda kuangalia mahali ambapo hapana mtu, niliona haya.

Haya yangu haikudumu, maana baba yako alipiga siku iliyofuata. Ameshasikia tarehe yako. Amefurahi mpaka maneno yanampotea. Halafu akaanza. Atakungojea pale pale, mbele ya nyumba ya klipu. Ameshaongea na mtu wa gari. "Umuambie avale muzuri, tutapiga picha ya kutuma kwa batu ba Masisi." Nikamuuliza, na mtoto akitaka kuingia ndani? Akasema, "Nitamuambia niliiuzisha."

Nikasema umeme umekwenda, nikakata simu. Umeme ulikuwapo.

Tazama basi hali tuliyofikia. Yeye anajua nyumba si yake. Mimi najua, na najua kwamba wewe unajua. Wewe unajua, na pengine unajua kwamba mimi najua. Ukiwaacha tantine na mjomba wako, tuko watu watatu tu katika familia hii, vita vimewala wengine, na hao watatu wanafichana kitu ambacho wote wanakijua! Na Jumamosi hiyo ya kwanza mtasimama barabarani, wewe na gauni la njano, yeye na suti ya mtu, mtatabasamu, mtapiga picha nzuri sana, mtakumbatiana kidogo msiikunje suti, na kila mmoja atapanda treni yake. Halafu mtarudia Jumamosi nyingine mahali pengine. Utamaliza masomo yako hujamwona. Hilo ndilo linaloniogopesha, Sifa. Baridi siiogopi, na waume wa kizungu siwaogopi. Naogopa urudi hapa na simu imejaa picha za baba yako, nikuulize anaishije, na usijue.

Nimefikiria kukuambia umfuate kwake ghafla. Safari yuko mji ule ule, amekubali kukupeleka mpaka mlangoni, na namba yake nitakutilia kwenye simu kesho asubuhi. Lakini ghafla hapana. Mtu mzima hafumaniwi kama mwizi wa kuku, na baba yako ametoka mbali mno kuja kuaibishwa na mtoto wake mlangoni. Wala usimpeleke mahakamani na maneno ya ukweli, kwamba klipu ni uongo, kwamba Mama alilia, kwamba turubai hatukupewa. Habari ya turubai hasa, nakuomba, asiisikie kamwe. Aliyafanya yale kwa ajili yangu. Hiyo niachie mimi, kama itafaa kusemwa nitamwambia siku atakapokuwa anakula chakula changu.

Fanya hivi. Kwenye daraja nenda, siwezi kukuzuia, na kwenye ngazi za yule mwimbaji nenda ukacheze uanguke. Hata nyumba ile nenda ukaione ukitaka, peke yako, siku nyingine. Lakini kabla hujapiga picha mbele yake, mpigie baba yako. Zungumza naye Kiswahili cha hapa, usimletee maneno ya shule. Mwambie, "Papa, ile nyumba niliisha kuiona sana. Mama ananituma kwako." Sema hivyo tu, kwako, halafu nyamaza. Atakataa. Atasema ni mbali, pamefungwa, kuna kazi ya kupaka rangi. Wewe nyamaza tu kwenye simu, kama alivyonyamaza yeye siku ile, umpe nafasi ya kuvuta pumzi. Kwa jinsi ninavyomjua, mwishoni atasema, "Haya, njo."

Ukifika, usiangalie kuta. Kama hakuna kiti, keti kitandani, na kama kuna mwenzake amelala kwenye kitanda cha pili, mwamkie kwa heshima akiamka. Akipika ule, hata kama ameunguza, alikuwa akiunguza tangu zamani. Mpe zile sambaza kavu nilizokufungia, ndiyo maana zimechukua nafasi kubwa sandukuni na ndiyo maana nilikataa uzitoe. Muulize habari za ng'ombe wetu. Anawakumbuka wote kwa majina, na akianza kuwataja utaona mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hajui kuegemea gari.

Mkiisha kula, mwambie anipigie. Asitoke nje. Apige akiwa pale pale ndani, ameketi, na nguo za wenzake zikiwa zimeanikwa nyuma yake. Mimi sitakwenda kwa Mama Riziki. Nitapokea jikoni, na masufuria yangu meusi na kitambaa cha kazini. Akishika simu mwambie avue kofia, avue na miwani. Mwambie mke wake anataka kuona amezeeka kiasi gani.

Mama yako, ambaye bado amekukasirikia,
Mama Sifa